Nyumba Moja, Milango Miwili: Yatupasayo Kabla ya Kupeleka Ramani Kaunti

  

Wiki hii nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la wanaume, mafundi na maofisa, nalo ni kibali cha kujenga nyumba ya familia mbili katika mtaa wa makazi. Huenda mama anayesoma ukurasa huu akataka kuugeuza haraka ili afike penye mapishi. Namuomba asubiri kidogo, kwa kuwa haki ya mwanamke haipotei mahakamani tu, bali mara nyingi hupotea mapema zaidi, siku ile karatasi inapoandikwa majina mezani naye yuko jikoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku moja baada ya darsa ya alasiri alinijia binti mmoja, mke wa mtu, ambaye alikulia Garsen na sasa anaishi kwa mumewe upande wa Tarasaa. Baba yake alikuwa amefariki na kuacha kiwanja kimoja mjini Garsen, chenye upana wa futi 50 na urefu wa futi 100. Alimuacha mjane, wana wawili wa kiume, na binti huyo mmoja. Ndugu zake walikuwa wamekubaliana kujenga nyumba moja yenye milango miwili, kila mmoja na familia yake, na mama yao akae upande wa mdogo. Mawe yalikwisha letwa na mtaro wa msingi umeanza kuchimbwa. Ndipo jirani akalalamika kwamba mchoro unaonyesha shimo la choo karibu na ukuta wake, na kisima chake kiko nyuma ya ukuta huo huo. Ndugu wakaambiwa wasimamishe kazi mpaka wapate kibali cha kaunti. Walipokwenda kuuliza, swali la kwanza lilikuwa, kiwanja ni cha nani? Hati ingali na jina la marehemu. Basi wakamletea dada yao karatasi atie sahihi, wakimwambia kuwa ni ya kaunti tu.

Aliisoma, nami nikaisoma. Ilisema kwamba yeye hana dai lolote katika kiwanja kile na ameridhika kiwe cha ndugu zake wawili.

Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe umeridhika?"

Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sheikh, sitaki kuvunja undugu. Lakini pia sitaki kufutwa."

Maneno hayo mafupi yamenikaa moyoni tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Katika kisa hiki kuna haki tatu ndani ya karatasi moja: haki ya warithi, haki ya jirani, na haki ya mji. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Haki ya warithi

Mali ya marehemu, baada ya kumzika, kulipa madeni yake na kutekeleza wasia wake usiozidi thuluthi, ni ya warithi wote kwa mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratun Nisaa. Hakuna mrithi anayehitaji kuomba apewe. Haki yake imekwisha thibiti tangu pumzi ya mwisho ya marehemu.

Kwa kisa chetu, wazazi wa marehemu walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, na wasia haukuwapo. Mjane hupata thumni, yaani moja kwa nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki, yaani saba kwa nane, hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukikigawa kiwanja chote mafungu 40, mama ana 5, kila mwana wa kiume ana 14, na binti ana 7. Jumlisha, utapata 40 kamili.

Tugeuze sasa hesabu hiyo iwe ardhi. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Mama ana 625. Kila ndugu ana 1,750. Binti ana 875. Wale vijana walipokuwa wakipima nyumba yao ya milango miwili, walikuwa wakipima futi 5,000 ilhali zao wawili ni 3,500. Futi 1,500 zilizobaki ni za wanawake wawili, mmoja aliyewazaa na mwingine aliyezaliwa pamoja nao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Simuiti kijana yeyote kati yao dhalimu. Wengi wetu tumelelewa tukiona kwamba nyumba ya baba ni ya wana wa kiume, na binti "ataolewa". Lakini mazoea si sharia. Na kuna jambo jingine ambalo ningependa akina dada walijue vyema. Mafakihi wetu wametaja kwamba mali inayochukuliwa kwa kumtia mtu haya, ambayo lau angekuwa huru na nafsi yake asingeitoa, hukumu yake ni kama ya mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Dada anayeletewa karatasi mbele ya mama yake, mbele ya wifi zake, chai iko mezani na kalamu imekwisha funguliwa, huyo hajaridhika. Huyo ameona haya. Kutoa ni jambo jema, na dada anayempa ndugu yake fungu lake kwa moyo mweupe ana thawabu zake. Lakini hiba ni baada ya kujua kilicho chako, kukishika, na kuwa huru kusema hapana.

Sasa, hati ikiwa na jina la marehemu, njia iliyonyooka ni ipi? Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Warithi huenda na cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja wote walioachwa, na karatasi za mali. Kadhi akishahukumu nani ni mrithi na fungu lake ni kiasi gani, hukumu hiyo ndiyo hupelekwa ofisi ya ardhi ili jina la marehemu litoke na majina ya walio hai yaingie.

Hapa pana mtego ambao hata watu waliosoma huuangukia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua namna mbili za watu kumiliki ardhi pamoja. Namna ya kwanza, mmoja akifa, sehemu yake huhamia kwa mwenzake aliye hai moja kwa moja, wala haiingii katika mirathi. Namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Sheria hiyo imeiacha namna ya kwanza kwa mume na mke tu, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama; ndugu wawili Waislamu wakiandikishwa hivyo kwa ruhusa hiyo, kisha mmoja akafariki, mjane wake na mayatima wanaweza kuamka asubuhi wakakuta nyumba waliyolala ni ya ami yao peke yake. Basi sema waziwazi kuwa mnataka namna ya pili, yenye mafungu, na mafungu yenyewe yaandikwe kwa tarakimu. Msipoyaandika, sheria huchukulia kuwa mko sawa kwa sawa, na mafungu ya mirathi hayako sawa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba urithi bila daftari huisha na undugu.

Haki ya jirani

Jirani aliyelalamika alisemwa sana mtaani. Aliitwa hasidi. Wengine walisema anawaonea wivu vijana kwa kuwa yeye mwenyewe hana uwezo wa kujenga. Nilikwenda nikapaangalia mahali penyewe, na nikapiga hatua kwa miguu yangu.

Kiwanja cha futi 100 ni karibu mita 30 kwa urefu wake, na upana wake wa futi 50 ni kama mita 15. Viwango vya kimataifa vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada katika kambi na maeneo ya maafa, vinataka shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Tazama basi, kiwanja kizima tangu mbele mpaka nyuma ndicho chenye umbali huo. Familia moja ikichimba choo kimoja, tatizo lipo tayari. Familia mbili, maana yake ni watu maradufu, maji machafu maradufu, na shimo linalojaa upesi maradufu.

Tena sisi si watu wa mlimani. Garsen iko katika bonde la Mto Tana, na mto wetu hutoka nje ya kingo zake. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Vijana wanayakumbuka ya mwaka 2018, na hata watoto wanayakumbuka ya mwishoni mwa 2023. Maji yakipanda, kilicho ndani ya shimo la choo hakibaki ndani ya shimo. Huingia kisimani, na kutoka kisimani huingia katika mtungi wa mtu. Anayebeba ndoo ni mama, na anayekesha na mtoto mwenye kuharisha ni mama. Hivyo lalamiko la jirani halikuwa husuda. Lilikuwa kilio cha mtu anayetetea maji ya watoto wake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na hadithi hiyo Imamu Nawawi ameitia katika Arubaini yake. Ni kweli kwamba wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mipaka ya jambo hili katika majengo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye mali ana nafasi pana ya kutumia kilicho chake maadamu hatoki nje ya ada ya watu. Madhehebu ya Maliki yamekuwa makali zaidi katika kumkataza mtu kumdhuru jirani, na huko Tunis, katika karne ya 14, mwashi mmoja aitwaye Ibn al-Rami aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo, kuta, madirisha na maji. Jambo la kutafakari ni kwamba Waislamu walikuwa wakijadili ni wapi mtu afungue dirisha na ni wapi amwage maji yake karne nyingi kabla ya kaunti zetu kuwapo. Anayesema kwamba kanuni za ujenzi ni mambo ya kizungu hajaisoma historia ya dini yake.

Na upande wa pili wa jirani ni stara. Dirisha linalotazama ua wa mwenzako linamnyima mke wake raha ya kukaa kichwa wazi nyumbani kwake. Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Tembea Lamu, mji wa kale ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, uone jinsi nyumba za mawe zilivyogeukia ndani, penye kiwanda cha kati, na kuta zake za nje zikawa na madirisha machache na ya juu. Uone pia wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapitiane pasi na kutoka nje. Hizo nazo zilikuwa nyumba za familia mbili. Wazee walipanga kwanza, kisha wakajenga.

Stara hiyo ni ya ndani pia, si ya jirani tu. Ndugu wawili wanapoishi chini ya paa moja, kila mmoja ana mke, na mke wa mmoja si maharimu wa mwingine. Mtume ametuonya kwa ukali mkubwa juu ya shemeji kuingia faragha kwa mke wa nduguye. Kwa hiyo milango miwili si anasa. Kila mke ana haki ya maskani yanayomstahiki, ambamo nafsi yake na vitu vyake viko salama. Mchoro ukija nyumbani, dada, uutazame. Uulize, jiko langu liko wapi? Choo changu kiko wapi? Nikianika nguo, nani ananiona? Mume mwema atakushukuru, kwa maana kufuta mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta wa matofali.

Haki ya mji

Sasa tuje kwenye kibali chenyewe. Mimi si wakili wala mhandisi, lakini mambo haya ya msingi kila Muislamu aliye Kenya anapaswa kuyajua.

Katiba hiyo hiyo ya mwaka 2010, ibara ya 66, imeiruhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama wa watu, afya zao na mipango ya ardhi. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyoondoa ile ya mwaka 1996. Sheria hii imekataza mtu kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti. Anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na kaunti inaweza kumpa ilani ya kusimamisha kazi na kurudisha ardhi kama ilivyokuwa. Hesabu mwenyewe shilingi 500,000 ni mifuko mingapi ya saruji.

Hatua zake ni hizi, kwa ufupi.

Kwanza, uliza mpango wa eneo lako unasemaje. Je, kiwanja chako kimetengewa makazi? Je, mpango unaruhusu nyumba moja tu, au zaidi ya moja katika kiwanja kimoja? Ikiwa unachotaka kujenga kinakubaliana na mpango, utaomba kibali cha kujenga. Ikiwa hakikubaliani, itabidi kwanza uombe kubadilisha au kupanua matumizi ya ardhi, na huko utahitaji mpangaji wa miji aliyesajiliwa akuandikie ripoti. Hapo pia sheria inamtaka mwombaji awatangazie watu nia yake, ili mwenye pingamizi alete. Kwetu Tana River swali la kwanza huwa gumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii na haijapimwa. Mtu mwenye barua ya ugawaji, au mwenye maneno ya mzee wa kijiji tu, asijenge nyumba ya familia mbili juu ya shaka. Athibitishe kwanza ofisi ya ardhi.

Pili, tayarisha karatasi: uthibitisho wa umiliki, stakabadhi ya kodi ya ardhi, ramani ya kiwanja inayoonyesha mipaka na njia, na michoro ya nyumba iliyotengenezwa na msanifu wa majengo aliyesajiliwa. Nyumba ikiwa ya ghorofa, mhandisi naye atahitajika kwa nguzo na vyuma. Katika mchoro wa nyumba ya familia mbili, yaonekane wazi mambo manne: kila familia inaingilia wapi, maji machafu ya kila familia yanakwenda wapi, maji ya mvua yanatokea wapi, na kuna umbali gani kutoka ukuta wako hadi mpaka wa jirani.

Tatu, peleka maombi kaunti, lipa ada, na uombe stakabadhi yenye tarehe. Maombi hupelekwa kwa idara zinazohusika, kama vile afya ya umma, ili zitoe maoni. Sheria imeweka muda wa siku 60. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku hizo, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Lakini nasaha yangu ni kwamba usitegemee ukimya. Nenda kaulize kwa adabu, na ukipata kibali kwa maandishi, moyo wako utatulia zaidi.

Nne, ukikataliwa, au ukiwa jirani aliyedhurika na kibali alichopewa mwenzako, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango ya ardhi. Usiporidhika hapo, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno. Anayezimaliza kwa kunung'unika barazani huamka mlango umefungwa.

Tano, kabla ya kuanza kazi, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kibali kiwe pale pale penye kazi, si kabatini kwa mjomba.

Wapo watakaosema, "Sheikh, yote haya ya nini? Kuna njia fupi." Nawajibu kwamba njia fupi wanayoikusudia inaitwa rushwa, na Mtume amewalaani mtoaji na mpokeaji wake. Nyumba ambayo watoto wako watasomea Kurani na mke wako atasimamia swala za usiku, usiiwekee jiwe la kwanza kwa haramu.

Mwisho wa kisa

Tulikaa vikao vitatu nyumbani kwa mama yao. Katika kikao cha kwanza kaka mkubwa hakusema na mimi vizuri. Alisema dada yake amemleta sheikh kumshitaki. Nikamwambia, "Mwanangu, hajakushitaki. Amekuletea mtu wa kukusomea hesabu." Nikaandika yale mafungu 40 kwenye karatasi na kumpa ayasome mwenyewe kwa sauti. Alipofika kwenye 5 za mama yake, aliinamisha kichwa.

Katika kikao cha pili tulizungumza njia zilizopo. Dada angeweza kubaki na fungu lake ndani ya kiwanja. Angeweza kulitoa hiba kama nafsi yake imeridhika. Au wangeweza kufanya kile mafakihi wanachokiita takharuji, yaani mrithi atoke katika mali fulani kwa kupewa badali wanayokubaliana. Mama yao alimuuliza binti yake mbele yetu sote, "Wataka nini, mwanangu?" Akajibu kwamba hataki kujenga Garsen, wala hawezi kutoa bure kwa kuwa ana watoto wa kusomesha. Ataliuza fungu lake kwa ndugu zake kwa bei atakayoitaja mthamini, na watamlipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mama akasema lake haliuzi. Atakaa na thumni yake mpaka Mungu amchukue.

Basi mambo yakaenda hivyo. Walikwenda kwa Kadhi wote wanne. Mafungu yalipoandikwa upya, baada ya ndugu kununua la dada yao, kila ndugu alikuwa na saba kwa kumi na sita, na mama ana mbili kwa kumi na sita, ambayo ndiyo thumni yake ile ile. Mkataba wa malipo ya dada uliandikwa na kushuhudiwa. Mchoro ulirudishwa kwa msanifu. Shimo la choo lilihamishiwa pembe iliyo mbali na kisima cha jirani, likafanywa tangi la kuta na sakafu ya zege badala ya shimo la wazi, na msingi wa nyumba ukainuliwa kwa ajili ya mafuriko. Dirisha moja la upande wa jirani lilipandishwa juu. Na katika nusu ya kaka mdogo, kikatiwa chumba cha mama chenye mlango wake mwenyewe wa kutokea uani. Jirani yule yule aliyeitwa hasidi aliandika kwa mkono wake kwamba hana pingamizi.

Sitawaficha kwamba haikuwa bure. Karibu mwaka mzima ulipita bila jiwe kusimama. Saruji ilipanda bei wakingojea. Mtaro wa kwanza ulijaa maji ya mvua ikabidi ufukiwe, na pesa walizomlipa mchimbaji zilikwenda. Kaka mkubwa alilalamika sana, na sikuwa na jawabu la kumrudishia pesa zake. Nilimwambia tu kwamba lau angeanza kwa dada yake na jirani yake, angekwisha hamia.

Idi iliyopita nilipita pale kuwapa mkono. Dada alikuwa amekuja na watoto wake kutoka Tarasaa. Aliingia kwa mlango wa kaka mkubwa, akala, kisha akatoka akaingia kwa mlango wa mdogo, akala tena, maana kila wifi alidai haki yake. Mama alikuwa ameketi penye mlango wake wa tatu, ule mdogo wa uani, akiwatazama wajukuu wakikimbizana. Akaniambia, "Sheikh, karatasi zenu zilinichosha. Lakini sasa nalala."

Ndugu zangu, mwenye kiwanja chenye jina la marehemu, na aanze wiki hii. Awaite warithi wote, wanawake kwa wanaume, awasomee hesabu. Kisha amwendee jirani yake kabla ya kumwendea fundi. Kisha ndipo aende kaunti. Na wewe dada, karatasi yoyote itakayokujia, isome hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Kama huielewi, sema, "Niachieni mpaka kesho." Hakuna kibali kinachoharibika kwa usiku mmoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa za utulivu, atuepushe na kula haki za mayatima na wajane, na atujaalie majirani wema nasi tuwe majirani wema kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.